Bakuli la Mama Mwenye Nyumba

Bosibori ameandika kutoka Perugia:
Baba, ukija, mletee mama mwenye nyumba kitu cha kwetu.
Kisiwe twiga.
Twiga anao watatu tayari,
kila mpangaji Mkenya alimwachia mmoja.

Basi Jumamosi nikashuka mjini,
kwenye uwanja wa magari wa Mahakama Kuu
nilikopita miaka ishirini na sita
na mafaili ya watu kwapani,
na kila Jumamosi uwanja ulipogeuka soko
nilizunguka kando, mkono mfukoni,
kama mtu anayemkwepa mdai.

Safari hii niliingia.
Sijapiga hatua tatu, vijana wawili wamenidaka:
Mzee, karibu, kuangalia ni bure.
Mmoja amenishikia kikapu cha vitu nisivyovinunua bado,
mwingine ananionyesha bei aliyoiandika kiganjani
na kukifumba upesi, kana kwamba bei ni siri ya ndoa.

Nikapita viondo, nikapita mikufu,
nikapita simba wa mbao wenye nyuso za watoza kodi,
mpaka kwenye turubai la Sidi.
Hapo miguu ikakataa.

Jiwe.
Jiwe la kwetu, jeupe, la kijivu, la waridi,
limepangwa juani kama mikate.

Nilitaja Perugia tu,
naye, mzaliwa wa Malindi, akanirukia kwa Kitaliano:
Bella, papà, bella! Elfu tatu na mia tano.
Mimi Mkisii, nikamwambia.
Basi elfu mbili na nusu.
Nimezaliwa Tabaka.
Akacheka. Elfu mbili, lakini ukome hapo,
ukiniambia ulizaliwa machimboni
watoto wangu watalala njaa.

Nikakoma.
Sikumwambia habari za lori la Ijumaa,
la mnunuzi mwenye kalamu sikioni,
aliyelipa kwa dazeni,
na bakuli likipasuka njiani
alilikata kwenye dazeni ijayo.

Baba alichonga. Watu husema hivyo, baba alichonga.
Lakini aliyekaa na beseni na msasa ni mama,
miguu ameinyoosha, vumbi jeupe kwenye kope,
akisugua mpaka jiwe linyamaze.
Nje ni kwa macho, alisema,
ndani ndiko kunakoliwa.
Vidole vyake viliisha alama.
Siku ya kitambulisho
karani alivibonyeza kwenye wino mara nne,
akamtazama kama aliyeiba mikono ya mtu mwingine.
Nilimchukia karani yule.
Kisha nikawa karani.

Nikaingiza mkono kwenye bakuli.
Laini, laini, laini,
halafu chini, upande wa kushoto, pakakwaruza.
Hapo mtu aliitwa.
Hapo mtoto alilia, au sufuria iliungua.
Lina kasoro, nikasema,
ulimi ukitangulia kwa mazoea ya sokoni.
Elfu moja mia nane, akajibu Sidi
bila hata kuuliza ni wapi.

Nililipa hiyo elfu moja mia nane.
Sitajisifu hapa.

Njiani nikanunua msasa wa shilingi hamsini.
Saa nne usiku Moraa akanikuta jikoni,
suruali nimeikunja, beseni katikati ya magoti.
Unaosha nini?
Sikuwa na jibu la kumtosha.
Nilisugua taratibu, kwa duara,
kama mkono ulikuwa umelijua jambo hili
na kunificha miaka yote.

Sikumaliza. Niliacha padogo,
panapotosha ncha ya kidole,
ili Mama Ornella akiosha sahani zake
siku moja asimame kidogo, ashangae.

Bakuli sasa limo sandukuni,
limevikwa gazeti na soksi zangu mbili za sufi.
Kilo mbili kasorobo.
Lakini maji ya beseni, meupe kama uji wa mgonjwa,
yako pale pale chini ya meza.
Moraa ameuliza mara mbili.
Sijui pa kuyamwaga.